Kulea vipepeo kwa majani ya mpamba mwitu: kuanzia yai hadi siku ya kuruka

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimeokota kiwavi mwenye mistari, nampa kabichi, hali." "Kiwavi wangu ananing'inia kichwa chini tangu asubuhi, amekufa?" "Nimekata jani, mikono imejaa maziwa yanayonata, nifanyeje?" Nimeyajibu vipande vipande hadi nimechoka. Sasa nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ukifuata hatua kwa hatua, ndani ya mwezi mmoja utakuwa umeona kipepeo akikunjua mabawa mbele ya macho yako.

Mmea tunaousema ni mpamba mwitu, Calotropis procera kwa jina la kitaalamu. Ni kile kichaka cha majani mapana yenye rangi ya kijivu-kijani kinachoota chenyewe nyuma ya fukwe za visiwa vya joto, kwenye mchanga mkavu ambao mimea mingine inaukwepa. Waarabu huuita ushar. Asili yake ni Afrika na upande wa magharibi na kusini wa Asia. Huko Karibi, Australia na visiwa vya Pasifiki umefikishwa na watu, ukazagaa. Jina la pamba limetokana na sufi nyeupe inayoruka na mbegu tunda likipasuka.

Kipepeo wake ni Danaus chrysippus: rangi ya machungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye mkanda mweupe, na anaruka polepole kama asiyeogopa kitu. Kweli haogopi. Mmea una sumu zinazoshambulia moyo, kiwavi anazila na kuzihifadhi mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja hamrudii. Nadharia inaishia hapo. Yanayofuata ni kazi.

Kabla ya yote: macho yako

Ukiruka sehemu nyingine zote, hii usiiruke. Utomvu mweupe wa mpamba mwitu ni hatari kwa jicho, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi hauumi. Ukiingiwa na pilipili utapiga kelele na kukimbilia maji. Utomvu huu unaweza kuingia, ukahisi muwasho kidogo au usihisi chochote, halafu baada ya saa kadhaa ukaanza kuona ukungu, kana kwamba umevaa miwani iliyopata mvuke. Umepenya na kuumiza tabaka la ndani la kioo cha jicho.

Ukiingiwa, osha jicho palepale kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, huku kope zikiwa wazi. Kisha nenda hospitali hata kama huna maumivu, na mweleze daktari ni utomvu wa mmea gani. Usikae kusubiri uone kama jicho litatulia.

Mimi nilijifunza kwa njia ya kijinga. Nilikata majani bila glavu, nikanawa haraka haraka, na dakika kumi baadaye nikafuta jasho usoni kwa mkono uleule. Jioni taa zote zilikuwa na duara la mwanga pembeni. Nilipona, lakini tangu siku hiyo glavu zinakaa ndani ya kikapu cha majani na haziondoki humo.

Mengine ni mafupi. Usionje sehemu yoyote ya mmea huu. Usiwape watoto wadogo tunda wachezee, kwa sababu limejaa hewa kama mpira na linawavutia sana. Usitupe mabaki ya majani penye mifugo. Utomvu ukikauka kwenye nguo huacha doa la kahawia lisilotoka, kwa hiyo vaa nguo ya kazi.

Vitu vya kuwa navyo

- Glavu za mpira, na miwani yoyote ya kukinga macho. Hata ya jua inafaa.
- Mkasi au kisu kikali ambacho hakitarudi jikoni.
- Ndoo ya maji na kitambaa cha zamani.
- Chombo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, cha mayai na viwavi wachanga.
- Kizimba cha chandarua, angalau sentimita 30 kwa upana na 40 hadi 50 kwa kimo. Unaweza kukitengeneza kwa kuzungushia chandarua kwenye fremu ya waya au hata kwenye boksi lililokatwa madirisha. Dari yake lazima iwe ya kitambaa au kitu chenye kukwaruza, kwa sababu viwavi watajishikiza hapo.
- Karatasi za kutandika chini, na brashi laini ya rangi ya kuhamishia viwavi wadogo.
- Chupa yenye shingo nyembamba ya kusimamishia matawi.
- Dawa ya klorini ya kusafishia vyombo.
- Mipamba mwitu minne au mitano iliyo mahali unapofika kwa miguu kila siku.

Hicho cha mwisho ndicho ambacho watu hukisahau. Kizimba kizuri bila majani ya karibu ni jeneza. Hesabu mimea kwanza, halafu ndipo ufikirie viwavi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha mmea ni wenyewe. Mimea yenye maziwa ni mingi: mnyaa una maziwa, mpapai una maziwa, mfenesi una maziwa, na kiwavi wetu hali hata mmoja kati ya hiyo. Mpamba mwitu una majani mazito yaliyoota mawili mawili yakitazamana, karibu bila kikonyo, kiasi kwamba sehemu ya chini ya jani inakumbatia shina. Pitisha kidole juu ya jani: utahisi unga laini kama nta. Shina la zamani lina gome lililopasukapasuka na jepesi kama kizibo cha chupa. Ua lina petali tano nyeupe zenye ncha za zambarau, na katikati kuna kitu kama taji dogo. Tunda ni la kijani, limevimba, na ukilibonyeza linarudi, kwani ndani sehemu kubwa ni hewa.

Upo ndugu yake mkubwa, Calotropis gigantea, ambaye petali zake hujikunja kurudi nyuma na ua lote ni la rangi moja, jeupe au la urujuani. Ukiukuta huo nao unafaa, na tahadhari ni zilezile.

2. Kagua mahali unapoota. Usichukue majani kando ya shamba linalopuliziwa dawa za wadudu wala mahali wanapopulizia dawa ya mbu. Majani ya hapo yanaonekana mazima, lakini kiwavi atatapika kimiminika cha kijani na kufa. Vumbi la barabara linaoshwa, na chumvi ya bahari inaoshwa, lakini dawa iliyoingia ndani ya jani haioshwi.

3. Tafuta mayai, achana na viwavi wakubwa. Anayeanza humwona kiwavi mnene mwenye rangi za kupendeza akamchukua huyo, na hapo ndipo huzuni nyingi zinapoanzia. Kiwavi mkubwa amekaa nje siku nyingi, na huenda inzi au nyigu ameshamtagia mayai mwilini. Utamlisha wiki nzima, kisha watatoka funza badala ya kipepeo.

Yai liko chini ya jani, mara nyingi jani changa la juu, na jike hutaga moja moja. Lina kimo cha kama milimita moja, jeupe la fedha, umbo la tone lililosimama. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona mistari iliyoinuka kutoka chini hadi nchani, kama tikiti dogo lililosimamishwa wima. Tone la utomvu lililokauka hudanganya wengi. Hilo halina mistari, na kwa kawaida lina rangi ya manjano chafu. Njia rahisi kuliko zote ni kumfuata jike mwenyewe asubuhi jua likishapanda. Atatua kwenye jani, ataligusagusa kwa miguu kulitambua, atakunja tumbo kuelekea upande wa chini kwa sekunde mbili tatu, kisha ataondoka. Nenda ukaangalie hapo hapo.

Chukua mayai matano, yasizidi. Najua utaona ishirini na mkono utawasha. Kiwavi wa siku za mwisho anakula kwa kasi ambayo hujaiwazia, na ishirini watakumalizia mimea yote mitano.

4. Kata jani bila kujimwagia utomvu. Vaa glavu na miwani kwanza, ndipo uguse mmea. Simama upande upepo unakotokea, ili matone yasirushwe kuelekea usoni. Shika jani, ligeuze ncha iangalie chini, kata pale linapokutana na shina. Maziwa yataruka palepale: tone la kwanza, la pili, halafu mstari mwembamba unaotiririka kwenye mkasi. Shikilia jani hivyo hivyo, mkato ukiangalia ardhi, hadi mtiririko upungue kuwa tone zito linalokaa bila kuanguka. Dakika moja au mbili zinatosha. Chovya sehemu iliyokatwa ndani ya ndoo ya maji, futa kwa kitambaa, weka kwenye kikapu.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu utomvu ule unanata kama gundi, na unamuua hata kiwavi mchanga anayeula mmea huo huo. Anang'ata mshipa, maziwa yanamfunika kichwa, yanakauka, basi. Ukiwatazama viwavi wakubwa utaona wanavyolijua hilo: kabla ya kula, anatafuna mshipa mkuu karibu na kikonyo, jani linalegea na kuning'inia, maziwa yanakatika, ndipo anaanza kula upande wa ncha bila wasiwasi. Wewe unamfanyia kazi hiyo mapema.

Ukimaliza, osha mkasi, osha glavu zikiwa bado mkononi, kisha vua. Halafu nawa mikono kwa sabuni.

5. Laza yai kwenye chombo. Usilibandue yai kutoka kwenye jani. Kata kipande cha jani kilichobeba yai, kikubwa kiasi cha kiganja cha mtoto, acha kingo zikauke, kisha kiweke kwenye chombo kidogo juu ya karatasi iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa. Jani la mpamba mwitu ni nene, halinyauki upesi. Funika, weka kivulini. Jua la moja kwa moja kwenye chombo cha plastiki hupika yai kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

6. Subiri siku tatu hadi tano. Siku ya kuanguliwa, ncha ya yai hugeuka nyeusi. Hicho ni kichwa cha kiwavi kinachoonekana kupitia ganda. Akitoka anakula ganda lake kwanza, kwa hiyo usiliondoe. Anakuwa mdogo kama kipande cha uzi, na mtaalamu wa kujificha. Watu wengi wametupa viwavi pamoja na jani kuukuu. Mpe jani changa, laini, lililokwisha kutoa maziwa, na umwekee juu au kando ya lile la zamani, atahama mwenyewe. Ukilazimika kumhamisha, tumia brashi. Usimvute hata kidogo, maana ameshikilia uzi wa hariri aliousuka, na ukimvuta utamchana miguu.

7. Lisha na safisha kila siku. Hapa ndipo kazi ilipo. Zilizobaki zote ni kungoja.

Kila asubuhi: toa karatasi ya jana pamoja na vinyesi, futa unyevu ulioganda kwenye kuta za chombo, tandika karatasi mpya, osha majani mapya kwa maji matupu na uyakaushe kabisa kwa kitambaa, yaweke ndani. Jani lenye maji juu yake linaleta ukungu, na kinyesi kilicholowa kinaleta magonjwa. Ukifungua chombo na kusikia harufu ya uchachu, umechelewa. Safisha saa hiyo hiyo.

Kiwavi atajivua ngozi mara nne kabla ya kufika umri wa mwisho. Kabla ya kila kujivua anakaa tuli karibu siku nzima, hali, hata akiguswa hasogei. Huyo haumwi. Muache alipo, hata kama yuko ukutani mwa chombo. Akishajivua anageuka na kuila ngozi yake ya zamani, akibakiza ganda la kichwa, kidude cheusi kinachong'aa ambacho utakikuta kwenye karatasi.

Kufikia siku ya tano au ya sita utaona mavazi yake kamili: mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe, madoa ya manjano mgongoni, na vipembe vyeusi laini. Hesabu vipembe. Jozi tatu ni Danaus chrysippus. Jozi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, ni Danaus plexippus, yule mashuhuri wa Amerika ambaye siku hizi yupo pia katika visiwa vingi vya Pasifiki. Anakula mmea huu huu na analelewa vivyo hivyo, ila anakua mkubwa zaidi. Huko Karibi jozi tatu zinaweza kuwa za Danaus gilippus, jamaa yao mwingine.

8. Wahamishie kwenye kizimba. Wakifika urefu wa sentimita mbili, chombo kidogo hakiwatoshi tena. Simamisha tawi kwenye chupa ya maji ndani ya kizimba, na uzibe nafasi kati ya tawi na shingo ya chupa kwa kitambaa. Usipoziba, kiwavi atashuka kwenye tawi moja kwa moja hadi majini na kuzama. Hawana akili ya kugeuka.

Siku nne tano za mwisho ndizo za ulaji. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake cha maisha anaila hapo, na vinyesi vinakuwa vikubwa kama punje za mtama. Chumba kikiwa kimya utasikia mtafuno wenyewe. Majani yasipungue, kiwavi mwenye njaa hula hata mayai na ndugu zake wadogo, kwa hiyo usichanganye wakubwa na wachanga.

9. Akianza kutangatanga, mwache. Baada ya kama wiki mbili tangu kuanguliwa ataacha kula ghafla na kuanza kuzunguka kizimba kama aliyepoteza kitu. Anatafuta mahali pa kujitundika. Atasuka kifundo cheupe cha hariri darini, atajishikiza kwa miguu ya nyuma, kisha ataachia na kuning'inia kichwa chini, mwili umejikunja kama ndoana. Hajafa. Anakaa hivyo kwa saa nyingi, mara nyingi usiku mzima.

Ukitaka kumwona akigeuka, tazama vipembe. Vikiwa bado vimesimama, nenda ukafanye shughuli zako. Vikilegea na kujipinda kama nyuzi zilizolowa, na mwili ukinyooka kutoka kwenye ndoana, vuta kiti ukae. Ngozi itapasuka nyuma ya kichwa na kupanda juu kwa mikunjo kama soksi inayovuliwa, na chini yake kitatokea kitu cha kijani, kibichi, kinachojinyonganyonga kuitupa ile ngozi. Yote yanaisha kwa dakika chache.

Katika hatua hii usiguse kizimba, usikihamishe, usipulizie maji. Pupa mpya, yaani kile kitu cha kijani ambacho ndani yake kiwavi anageuka kipepeo, ni laini kama kiini cha yai, na akianguka anapasuka.

10. Kaa na pupa siku nane hadi kumi na mbili. Rangi itakuwa ya kijani au ya waridi iliyopauka kutegemea mahali alipojitundika, na zote mbili ni nzima. Ana vidoti vinavyong'aa kama dhahabu. Kazi yako hapa ni ndogo: toa majani, safisha sakafu, zuia sisimizi. Ukiweka miguu ya kizimba ndani ya visahani vya maji, sisimizi hawapandi.

11. Siku ya kutoka. Pupa akigeuka mweusi, usimtupe. Mtazame karibu: weusi ule ni kipepeo anayeonekana kupitia ganda lililokuwa angavu, na ukiangalia vizuri utaona rangi ya machungwa na doa jeupe la bawa. Kwa kawaida atatoka kesho yake asubuhi.

Anatoka na tumbo nene na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa mkononi. Atashikilia ganda au dari, aning'inie, na kusukuma maji ya mwilini hadi mabawa yanyooke. Lazima awe na nafasi chini yake, angalau sentimita kumi bila kizuizi. Akianguka katika dakika hizo, mpe kidole au kijiti apande, umtundike tena upesi. Bawa likikaukia katika mikunjo halinyooki tena. Matone ya rangi ya kutu yatakayodondoka si damu; ni taka zilizobaki tangu alipokuwa pupa.

12. Mwachie. Baada ya saa tatu nne mabawa yamekauka. Mtoe asubuhi au mapema mchana, kukiwa na jua na bila mvua, karibu na maua. Hana haja ya kulishwa siku ya kwanza. Ukitaka kujua umelea dume au jike, angalia bawa la nyuma: jike ana vidoa vyeusi vitatu katikati, dume ana cha nne, ambacho ni kifuko cha harufu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kumpa kiwavi majani mengine "mpaka nipate muda wa kwenda ufukweni." Hatakula. Kabichi, mchicha, mwembe, vyote sawa na mawe kwake. Kama huna nafasi ya kwenda, kata majani ya siku tatu, yaoshe, yakaushe, yafunge kwenye mfuko na uyaweke mahali pa baridi. Usiyaweke kwenye friji ya chakula bila kuandika juu ya mfuko kwamba ni sumu.

Kufunga chombo bila hewa, au kinyume chake kutoboa matundu makubwa ambayo kiwavi mchanga anatokea. Kukifungua mara moja kila siku kunatosha kabisa kwa viwavi wachanga watatu au wanne.

Kubeba viwavi au mbegu kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Usifanye. Kuna visiwa ambako mmea huu umekuwa gugu la kusumbua, na pia unaweza kuhamisha ugonjwa ambao vipepeo wa huko hawajawahi kuuona.

Kuna kosa jingine ambalo nalisamehe, kwa sababu hata macho ya wazoefu hudanganyika. Unamwona jike wa rangi ya machungwa akitaga kwenye mmea mdogo unaotambaa chini, unachukua mayai, viwavi wanakataa mpamba mwitu. Huyo alikuwa jike la Hypolimnas misippus, kipepeo asiye na sumu anayemwiga Danaus chrysippus ili ndege wamwogope. Tazama bawa la nyuma: mwigaji ana doa jeusi moja tu.

Mambo yakienda vibaya

*Jani limejaa vidudu vya manjano vyenye miguu myeusi.* Ni vidukari. Hawamli kiwavi, ila wanalinyonya jani. Wasugue kwa kidole chenye glavu chini ya maji. Usitumie dawa, hata ile inayoitwa ya asili.

*Kuna panzi mkubwa mwenye rangi kali kwenye mmea.* Yeye naye anaishi kwa sumu hii hii. Muache, wengine wakishikwa hutoa kimiminika kinachowasha.

*Kiwavi amekuwa mweusi, analegea, anatoa maji.* Ni ugonjwa. Mtoe na jani lake, zika mbali. Watenge waliobaki kila mmoja peke yake, osha vyombo vyote kwa sabuni, kisha viloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini, suuza, anika juani hadi harufu iishe.

*Nyuzi nyeupe zinaning'inia kwenye kiwavi au pupa, na chini kuna vidonge vya kahawia.* Inzi vimelea. Huwezi kumwokoa. Rudi kwenye hatua ya 3 na safari ijayo uanze na yai.

*Pupa ameanguka.* Kama ni mgumu tayari na hajapasuka, mfunge uzi kwenye kile kikonyo cheusi cha juu na umtundike. Mara nyingi anatoka salama.

*Pupa ni mweusi siku ya tatu, hana rangi ya bawa, na ukimgusa ni laini au ana harufu.* Huyo amekufa kweli.

*Kipepeo ametoka, mabawa hayakunyooka.* Aidha alianguka, aidha hewa ilikuwa kavu mno, aidha ana kimelea. Kwa Danaus plexippus kimelea kinachojulikana zaidi ni Ophryocystis elektroscirrha, cha chembe moja tu, ambacho mbegu zake hukaa kati ya magamba ya tumbo na kudondokea kwenye majani. Kama mabawa yamekunjamana kwa zaidi ya mmoja, acha kulea kwa wiki kadhaa, safisha kila kitu kwa klorini, na usikate majani kwenye mimea iliyo chini ya kizimba chako.

*Majani yameisha na viwavi bado wanakula.* Warudishe kwenye mmea wa ufukweni, jioni, kwenye jani la chini lenye kivuli, kila mmoja kwenye tawi lake. Kisha panda mimea yako kwa ajili ya msimu ujao, ikiwa mmea tayari unaota wenyewe hapo ulipo. Mti mkubwa usijaribu kuung'oa, una mzizi mrefu unaoshuka chini sana na utakufa. Subiri tunda lianze kuwa kahawia na kufunguka kwa mstari, lifunge kitambaa kabla sufi haijaruka, toa mbegu na uzioteshe kwenye mchanga mtupu. Usimwagilie kila siku. Ukiona jani la kwanza linageuka manjano, umemwagilia kupita kiasi.